Siga Mbili na Kitenge cha Gaudensia

Jumapili, mwezi wa saba, saa moja jioni. Baridi.

Ni ile baridi yetu ya Songea, inayokufuata hadi ndani ya soksi. Upepo umevuma tangu asubuhi na bati moja la jirani linagonga bila kuchoka. Nimevaa sweta mbili. Koti langu liko nje, limetundikwa kwenye msumari wa mlango wa nyuma, na nitaeleza kwa nini nikifika huko.

Blogu hii alinifungulia binti yangu Osmunda kabla hajahamia Dodoma. Alisema, "Baba, kila ukinipigia ni habari za majani na majirani. Yaandike, nitasoma." Sijui kama anasoma. Mwezi uliopita niliandika juu ya paka wa jirani kuzaa kwenye kapu langu la nguo, na andiko lile lilitazamwa na watu wawili. Mmoja ni mimi. Kwa hiyo hapa Ruhuwiko naweza kukaa na kusema ninachotaka, hakuna wa kunisuta.

Pua yangu imekufa.

Huu ni mwaka wa pili. Ilianza kwa mafua ya kawaida tu, nikalala siku tisa, nikaamka homa imekwenda na harufu zote zimekwenda nayo. Nikasema zitarudi, sikumwambia mtu. Nilijua mambo yameharibika siku maharage yalipoungua nami nimekaa hapo hapo jikoni nahangaika na redio, hadi mama wa jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inateketea. Nilimwambia nilikuwa nimelala. Mtu mzima na mvi zangu, nasema uongo kwa ajili ya maharage.

Kwa mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa mteuzi wa tumbaku kwa zaidi ya miaka thelathini. Mkulima analeta robota lake, mzigo wa majani uliofungwa kwa kamba, siku ya soko, unachomoa majani, unayatazama, unayapapasa, kisha unayapeleka puani, ndipo unataja daraja. Macho hudanganywa na vidole hudanganywa. Huku kwetu tunalima tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa ndani ya bani, kibanda cha kukaushia, kwa moto wa kuni siku nyingi, na ukungu ukiingia katikati ya robota hauuoni, unaunusa. Mimi niliunusa kabla kamba haijakatwa. Wakulima wa Namtumbo walisahau kwamba naitwa Menrad, wakaniita Pua. "Pua amefika," walisema, nami nilijisikia mtu.

Kwa ajili ya pua hiyo sikuwahi kuvuta hata sigara moja. Mteuzi havuti. Ni sawa na mpishi kujiunguza ulimi kwa makusudi.

Nilipostaafu waliendelea kuniita niwaangalizie mzigo kabla ya soko. Msimu uliopita nilikwenda kijiji kimoja huko Namtumbo. Mama mmoja, mjane kama nilivyo mjane mimi, aliniwekea robota lake mbele na watu wakanizunguka. Nikayaweka majani puani, nikafumba macho, nikatikisa kichwa taratibu kama zamani. Maigizo matupu. Nikamwambia liko safi, peleka. Sokoni lilikataliwa kwa sababu ya ukungu. Mama yule alinitumia salamu nisijali, huenda umande uliingia njiani. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Tangu siku hiyo wakinipigia nasema miguu inauma. Sasa hawapigi. Simu yangu inaweza kukaa siku tatu haijalia, nikaijaribu kwa kujipigia mwenyewe kwa ile laini nyingine.

Sasa nifike kwenye mfuko.

Mke wangu Gaudensia alifariki miaka minne iliyopita. Tulimzika kwao Hanga. Siku ya kumaliza matanga nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake, na kwetu mdogo wake ndiye anayechagua kwanza. Gaudensia alikuwa na mdogo mmoja tu, Batilda, anayeishi Mshangano, analima mahindi na kufuga nguruwe. Batilda hakutaka magauni wala viatu. Alitaka kitenge kimoja, cha kijani chenye njiwa weupe, ambacho dada yake alikivaa wiki ile ya mwisho. Alikiulizia mbele ya watu wote. Nikajibu kwamba huenda kilibaki hospitali.

Kilikuwa chini ya godoro langu.

Nilikiiba siku ya pili ya msiba, kabla wanawake hawajafua nguo. Nilikitia kwenye mfuko mzito wa plastiki, nikaukunja mdomo mara tatu na kuufunga kwa uzi wa katani, jinsi tunavyofunga tumbaku tusiyotaka ipate hewa. Mara moja kwa mwaka, siku ya kumbukumbu yake, niliufungua kidogo, nikaingiza pua, nikahesabu hadi kumi, nikafunga. Alikuwa humo. Mafuta ya nazi, moshi wa kuni, mchaichai, na kitu kingine ambacho sijakipatia jina, maana kilikuwa yeye tu. Nilikibania kama mtu anavyobania chumvi ya mwisho.

Mwaka jana siku ilipofika nilifungua, nikavuta, nikahesabu hadi kumi, nikahesabu tena hadi ishirini. Hakuna kitu. Na sikuweza kujua kama ni pua yangu iliyokufa au ni harufu yake iliyokwisha.

Hilo ndilo limenikaa kooni mwaka mzima. Jibu lilikuwa karibu: mpe mtu mwenye pua nzima anuse. Lakini mtu anayeweza kuitambua harufu ile ni mmoja tu hapa duniani, na ndiye niliyemwibia.

Basi nikaona heri niifufue pua yenyewe. Nikajiambia, hii pua ilikulia kwenye tumbaku, itaamshwa na tumbaku. Ya hapa imeizoea. Tafuta kubwa kuliko zote. Nilikumbuka mnunuzi mmoja wa zamani aliyetuambia kwamba jani bora kuliko yote duniani haliingii kwenye sigara za pakiti, linasokotwa kwa mkono, zima zima, likawa siga nene kama kidole gumba. Wakati ule nilicheka. Na kama nilikuwa siwezi kuvuta ili nisiharibu pua, sasa nilikuwa na nini cha kulinda?

Mjini niliuliza maduka mawili. La kwanza walinionyesha sigara ndefu za kawaida. La pili kijana alinionyesha kiberiti cha gesi chenye umbo la siga, akanisifia kwamba kinadumu. Mwishowe mtoto wa rafiki yangu alinipa namba ya binti mmoja wa Dar es Salaam anayewauzia wenye hoteli. Binti ana sauti nzuri na subira kubwa. Aliniuliza, "Baba, ni zawadi au za kwako mwenyewe?" Nilisema za kwangu, akafurahi kama vile nimemwambia naoa.

Alinitumia maelezo kwa sauti, moja baada ya jingine. Hii ina ladha ya kahawa, hii ya mbao, hii ya chokoleti nyeusi na pilipili manga, hii mwishoni inakuja ngozi. Nilisikiliza nikiwa nimekaa kitandani, nikacheka peke yangu. Ngozi? Nani kalamba ngozi? Sisi tulikuwa na maneno yetu machache: limeiva, bichi, limeungua, lina ukungu. Na hayo machache yalimlisha au kumlaza njaa mtu mwaka mzima. Nikamwambia anitumie iliyo kali kuliko zote alizo nazo. Akasema zitakuwa mbili, za Kuba, na kwamba nisizianike juani wala kuziweka juu ya jiko. Bei siiandiki hapa, Osmunda asije akapanda basi.

Zilifika Ijumaa kwa basi. Kwenye dirisha la vifurushi karani alikitikisa kiboksi sikioni, akauliza ni dawa? Nikasema ndiyo. Naona siku hizi uongo unanitoka kirahisi.

Hapa naomba nikiri jambo la aibu. Nilipofika nyumbani nilipaswa kuziweka siga zangu mezani nisubiri Jumapili, kama nilivyopanga. Lakini mtu aliyeteua majani maisha yake yote huwezi kumpa majani yamefungwa ukamwambia asifungue. Nilitandika gazeti. Nikachukua ya kwanza, nikatafuta ukingo wa jani la nje kwa ukucha, nikaanza kuivua. Jani la nje lilikuwa jembamba na laini, lina mafuta, halina tundu hata moja. Daraja la kwanza. La pili lilikuwa gumu zaidi, la kushikilia tu. Ndani kulikuwa na majani matano ya aina tatu, nikayanyoosha kwa kiganja, nikayapanga mafungu matatu, ya chini ya mche, ya katikati, ya juu. Nilifurahi. Kwa nusu saa nilikuwa kazini tena. Ndipo nikatazama gazeti nikaona nilichofanya: siga nzima ya gharama ile imekuwa mboga ya majani.

Nilijaribu kuisokota upya. Ikawa kama kidole chenye jeraha, nimekifunga bandeji.

Ikabaki moja.

Leo baada ya misa ya kwanza nilitoa kiti kibarazani nyuma, nikavaa koti langu la kazi kwa sababu ya upepo, nikakata kichwa cha siga kwa kile kikatio alichonitumia binti, nikawasha kwa vijiti vinne vya kiberiti. Binti alisema moshi usiumeze, uuzungushe mdomoni kisha uuachie. Nikauzungusha. Ulimi ulipata uchungu, kisha chumvi kidogo, na mdomoni pembeni utamu wa mbali. Kahawa sikuiona. Mbao sikuiona. Kulikuwa na joto tu, kama kunywa mvuke wa chai isiyo na majani. Nilivuta tena, nikafumba macho kama nilivyofumba Namtumbo, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Nilisikia upweke ambao sikuusikia hata siku ya maziko. Siku ya maziko walikuwepo watu.

Kisha nikakumbuka binti alisema wazoefu hupitisha moshi kidogo puani. Nikapitisha.

Uliniunguza. Uliniwasha ndani ya pua kama pilipili kichaa, machozi yakanitoka, na mimi, mzee mzima, nikasimama na kusema kwa sauti, "Imeamka!" Niliiacha siga kwenye ngazi, nikaingia ndani, nikapiga magoti, nikavuta mfuko chini ya godoro. Nikakata uzi kwa meno. Nikaingiza uso mzima.

Hakuna kitu.

Nikavuta hadi kifua kikauma. Hakuna. Kuwasha si kunusa, hata mtoto anajua. Ndipo nikajiona: koti limejaa moshi, ndevu zimejaa moshi, mikono imejaa moshi wa siga kali kuliko zote, nami nimezama kwenye mfuko ambao kwa miaka minne sikuuruhusu upate hewa zaidi ya hesabu ya kumi.

Ni lazima nieleze kuhusu msumari. Gaudensia hakutaka tumbaku ndani ya nyumba. Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu alipigilia msumari nje ya mlango wa nyuma, na kwa muda wote wa ndoa nilivua koti la kazi pale, nikanawa bombani, ndipo nikaingia. Hata siku za mvua. Hata siku niliyotoka Namtumbo nina malaria, alinivua koti pale pale nje huku amenishika nisianguke. Leo nimeingia nalo hadi chumbani, nikamwekea usoni.

Nikakitoa kitenge, nikakaa nacho sakafuni. La kuvunda halina ubani, nilijiambia. Kama bado alikuwemo, nimemfukuza. Kama hakuwemo, basi. Lakini kutojua kulinishinda. Nikachukua simu nikampigia Batilda, nikamwambia njoo, hapana, siumwi, njoo tu.

Alifika kwa bodaboda, bado amevaa nguo za kanisani. Aliiona siga kwenye ngazi kabla hajaniona mimi.

"Shikamoo shemeji. Siku hizi unavuta gogo?"

"Marahaba. Kaa hapa."

"Kaa wapi? Mbona umekaa chini kama aliyefiwa?" Halafu akakiona kitenge mapajani mwangu, utani ukamwisha.

Nilimweleza. Nilisema hakikubaki hospitali, nilikichukua mimi, nilikudanganya mbele ya ndugu zako, nisamehe. Hakupandisha sauti. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiwatazama wale njiwa.

"Nilikwenda kukiulizia kule hospitali," alisema. "Mara mbili. Mara ya pili nesi aliniambia nimpate mwombolezaji mwenzangu nilie naye, niache kutafuta nguo."

Hilo la hospitali sikulijua. Nilimwambia lililobaki, kuhusu mafua, kuhusu maharage, kuhusu robota la yule mama. Kisha nikamwomba aninusie. Nilisema, "Sijui kama bado yumo, Batilda. Mimi siwezi tena kujua."

Alitoka nje. Nikadhani anaondoka, na ningemwelewa. Nikasikia bomba. Alinawa mikono na uso, akarudi akiwa ameinua mikono ikauke kwa upepo, hakuipangusa kwenye gauni. Akachukua kitenge kwa ncha za vidole, akakipeleka usoni.

"Kuna moshi," alisema, sauti ikitokea ndani ya kitambaa. "Moshi wa hilo gogo lako."

Nilisema najua. Nikamuuliza, na chini ya moshi?

Aliendelea kunusa.

Sasa nitaandika ninachokijua, maana ndicho pekee ninachokijua vizuri. Nimewatazama wanunuzi wakinusa tumbaku tangu nikiwa kijana. Mtu akinusa jani lisilo na kitu, hulishusha upesi, hata kama anataka kukupendeza. Mdomo unaweza kukuambia zuri, lakini mkono umeshashuka. Akikuta kitu, anasahau kwamba unamtazama. Nilianza kuhesabu, ni mazoea yangu. Nikafika kumi. Nikafika thelathini. Batilda hakuinua uso. Nilipofika sitini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na bado hakuinua uso, nikaacha kuhesabu.

Alipokiondoa alikikunja kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akakirudisha mfukoni, akaufunga mwenyewe kwa fundo wanalofungia magunia ya mahindi. Moyoni nilikuwa nimeshakubali achukue. Ni haki yake. Akauweka mfuko magotini mwangu.

"Kaa nacho," alisema. "Nitakuwa nakuja Jumapili baada ya misa kukunusia. Lakini hilo koti litoe nje, shemeji. Dada angekufukuza."

Nilivua nikalitoa. Msumari bado uko imara, una kutu tu.

Ameondoka kabla jua halijazama, nguruwe hawajui mambo ya msiba. Siga niliizima, nusu yake imebaki ngazini. Nyumba iko kimya kama jana na juzi, nami bado sinusi hata hii chai iliyo mbele yangu. Kesho asubuhi nitampigia yule mama wa Namtumbo nimwambie kwamba umande haukuingia njiani. Na Jumapili nitampikia Batilda maharage. Nitasimama kando ya sufuria, na macho yangu haya, mwanzo hadi mwisho.